Tuzo za Filamu na Televisheni Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mtu wa sauti. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikirekodi na kusafisha sauti za filamu hapa Kampala, lakini nyumbani ni Busia, ambako Kiswahili ndicho tunachonunulia samaki na ndicho tunachogombania. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa kwenye seti, kwenye teksi ya kwenda Ntinda, na mara moja msibani, na kijana aliyeshindwa kusubiri mazishi yaishe. Nimeyajibu kwa kadiri ya ninavyoijua kazi hii.

Mnaposema "tuzo za filamu Uganda", mnasema zipi hasa?

Za nyumbani zinazotajwa zaidi ni mbili. Za kwanza ni zile za Tamasha la Filamu la Uganda, lililoanzishwa mwaka 2013 na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ile UCC yenye makao yake Bugolobi. Usiku wa tuzo ndio kilele chake, ila kabla ya hapo huwa kuna maonyesho ya filamu na mafunzo, na kwa maoni yangu mafunzo hayo yana thamani kuliko zulia jekundu.

Za pili ni iKON, zilizoanza mwaka 2022 kwa juhudi za Humphrey Nabimanya na wenzake wa Sauti Plus Media Hub. Zote mbili hutunuku filamu za sinema pamoja na kazi za televisheni, kwa hiyo mwenye tamthilia asijione mgeni.

Kuna pia matamasha kama Amakula, lililozaliwa mwaka 2004, na Pearl International, la mwaka 2011. Hayo ni wakubwa kiumri, na wengi wetu tuliona filamu ya Kiafrika kwenye skrini kubwa kwa mara ya kwanza kwa sababu yao.

Tamasha na tuzo si kitu kimoja?

Hapana. Kwenye tamasha filamu inaonyeshwa na watu wanakaa kuitazama. Kwenye tuzo jina linasomwa. Waandaaji wengi hufanya yote mawili, ndiyo maana maneno yanachanganywa. Ukijaza fomu, angalia unaomba lipi.

Kuna vipengele gani?

Vile ambavyo kila mtu anavijua: filamu bora ndefu, muigizaji bora wa kiume na wa kike, mwongozaji bora, filamu fupi, filamu ya hali halisi, tamthilia ya televisheni, na filamu ya lugha ya asili. Watazamaji nao huwa na kipengele chao cha kupigia kura.

Halafu kuna vile ambavyo watu huvitumia kwenda msalani: sauti, uhariri, upigaji picha, mavazi na mandhari, muswada. Niruhusu nikae hapa kidogo.

Muigizaji, hata asipotuzwa, sura yake imeonekana. Mtoto wa jirani atamwita kwa jina la mhusika barabarani mwaka mzima. Lakini yule kijana anayesimama kwa muda wa saa kumi na mbili na kipaza sauti kwenye mti mrefu, mikono ikitetemeka, akiomba Mungu boda boda isipite wakati wa sentensi ya mwisho, nani anamjua? Jina lake linapita mwishoni mwa filamu wakati watu wanatafuta viatu. Usiku wa tuzo ndio mahali pekee ambapo jina hilo linasomwa kwa sauti, mbele ya mama yake aliyekuwa akimuuliza kila Krismasi atapata lini kazi ya kweli. Nimemwona mhariri mmoja akilia kama mtoto kwa kuteuliwa tu, bila kushinda. Mtayarishaji anayejaza fomu na kuacha vipengele vya mafundi vitupu kwa uvivu anawanyima wenzake kitu ambacho hakimgharimu chochote. Vijaze vyote unavyostahili.

Nani anaamua mshindi?

Jopo la majaji kwa vipengele vingi, na umma kwa vile vichache vya kura. Kosa ninaloliona kila mwaka ni watu kupiga kampeni ya kura kwenye WhatsApp kwa ajili ya kipengele ambacho umma haupigi kura kabisa. Shangazi zako watabofya hadi vidole viume bila faida. Soma masharti ya mwaka huo kwanza, kisha uombe kura pale tu panapopigwa kura.

UCC ndiyo inayodhibiti utangazaji. Inawezaje pia kutoa tuzo kwa haki?

Swali halali, na si la uchochezi. Taasisi inayoweza kumwambia mtangazaji "hiki usirushe" ndiyo hiyo hiyo inayowaita wasanii jukwaani. Ni haki yetu kuuliza majaji ni nani, wamechaguliwa vipi, na kazi yenye kuuma serikali itapimwaje.

Hata hivyo, naikumbuka sekta hii ilivyokuwa kabla ya 2013. Hakukuwa na mahali ambapo kazi za mwaka mzima ziliwekwa pamoja na kulinganishwa. Tume ilileta ukumbi, utaratibu na orodha iliyoandikwa. Mimi nachukua msimamo huu: peleka filamu yako, na uliza maswali yako. Hakuna moja linalozuia jingine. Kuwepo kwa tuzo zaidi ya moja nako kumesaidia, kwani anayeona hakutendewa haki upande huu ana mlango mwingine wa kubisha.

Filamu yangu ni ya Kiswahili. Nitaonekana mgeni?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, hasa na vijana wa Busia, Malaba na Arua, na nalijibu kwa moyo wote: hapana, na usikubali mtu akufanye mgeni.

Kiswahili kiliingizwa kwenye Katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kianze kutekelezwa kwa dhati, pamoja na kufundishwa shuleni. Kwa hiyo mtu akikuambia Kiswahili ni lugha ya nchi jirani, mjibu kwa upole kwamba imo katika Katiba yako.

Najua kidonda kilipo. Kwa wazee wengi wa Buganda na kwingineko, Kiswahili kilikuja na buti. Kilikuwa lugha ya mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani, lugha ya "toa kitambulisho". Hilo huwezi kulifuta kwa hotuba. Lakini filamu inaweza kufanya kazi ambayo hotuba haiwezi. Mwonyeshe mtazamaji mama anayembembeleza mtoto kwa Kiswahili huko Malaba, au dereva wa lori anayemwomba mkewe msamaha kwa simu mpakani usiku, na lugha ile itaanza kunukia jikoni badala ya kunukia bunduki. Tumezaliwa nayo sisi tulio mipakani, tunaiota, na bado kwenye filamu zetu nyingi anayeongea Kiswahili ni askari au jambazi. Anayeweza kubadili hilo ni wewe unayeandika muswada sasa.

Sasa upande wa utendaji. Kwanza, weka maandishi ya tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Usidhani kila jaji atakufuata. Na mpe kazi hiyo mtu anayezijua lugha zote mbili, kwa sababu tafsiri ya ovyo huua mzaha, na filamu iliyokusudiwa kuchekesha inakuwa ya kuhuzunisha. Pili, kuhusu kipengele cha lugha ya asili, soma masharti ya mwaka husika yanavyoieleza lugha ya asili, na ukiona hapaeleweki, waandikie waandaaji kabla ya kujaza fomu. Tatu, usijifungie kwenye kipengele hicho. Filamu ya Kiswahili inaweza kuwa filamu bora ya mwaka bila kuongezewa neno lolote.

Na usikisafishe Kiswahili chako hadi kikose damu. Mtu wa Kisenyi hapa Kampala hasemi kama mtangazaji wa Dar es Salaam. Kiswahili chetu kina Kiganda ndani, kina Kisamia, kina Lugbara. Kiache kilivyo.

Filamu iliyotafsiriwa na VJ inaweza kushindania?

VJ, yaani msimulizi anayeitafsiri filamu ya kigeni kwa sauti yake juu ya picha, ni urithi wetu. Nani kati yetu hakukaa kwenye kibanda cha mbao cha kuonyeshea filamu, jasho likimtoka, akimsikiliza VJ Jingo au VJ Junior akimgeuza shujaa wa Marekani kuwa mtu wa Katwe? Wao ndio waliotufundisha kwamba sauti inaweza kuibeba picha nzima, na mimi binafsi nadhani mapenzi yangu ya kazi hii yalianzia pale.

Lakini filamu ya mtu mwingine iliyotiwa sauti ya VJ si kazi yako ya kushindania, na mara nyingi hata kibali cha mwenyewe hakipo. Jambo jingine ni filamu uliyoitengeneza mwenyewe kisha ukaweka VJ ndani kwa makusudi. Isaac Nabwana na wenzake wa Wakaliga wamefanya hivyo, na ile *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 imezunguka dunia ikiwa na sauti ya VJ Emmie kama sehemu ya kazi yenyewe. Iliyotengenezwa kwa pesa kidogo kabisa, kwa kompyuta ya kuunganisha vipande, leo inatajwa na watu ambao hawawezi kuionyesha Kampala kwenye ramani.

Ni nini hasa kinachoziangusha filamu nyingi?

Nitasema bila kuzungusha: sauti. Picha zetu zimepanda sana. Kamera nzuri inakodishwa, vijana wanajua mwanga. Kisha muigizaji anafungua mdomo, na unasikia jenereta, jogoo, mahubiri ya kanisa la jirani na mvua juu ya mabati, yeye mwenyewe yuko mbali kama anaongea kutoka Jinja.

Unapokwenda kutafuta mahali pa kurekodia, usitazame tu, funga macho usikilize kwa dakika tano. Nenda saa ile ile utakayorekodi, kwa sababu mtaa wa saa nne asubuhi na mtaa wa saa kumi jioni ni mitaa miwili. Kabla hamjaondoka kwenye chumba, mwongozaji awanyamazishe wote kwa nusu dakika nirekodi ukimya wa chumba chenyewe. Hawapendi, wana haraka, wanaona nimerukwa na akili. Lakini ukimya huo ndio gundi ya mhariri. Bila huo kila mkato unasikika kama mlango unaofungwa. Na rekodi kwa kilohezi 48, si 44.1 ya muziki, ukijiepushia kazi ya kubadilisha baadaye.

La pili ni muziki. Ukichukua wimbo kwenye intaneti bila ruhusa, umeweka mwiba ndani ya mkate wako. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 ipo, na waandaaji wa tuzo hawataki kesi. Mwaka mmoja filamu fupi niliyoifanyia sauti ilirudishwa na tamasha moja kwa sababu ya sekunde chini ya arobaini za wimbo ambao hatukuwa na karatasi yake. Sekunde arobaini! Kazi ya miezi minane. Tangu hapo namtafuta mpiga adungu au endongo, ala zetu za nyuzi za asili, tunaandikiana mkataba wa ukurasa mmoja, na filamu inapata sauti isiyopatikana kwingine popote.

La tatu ni makaratasi. Mkataba na mwandishi wa muswada, mkataba na kila muigizaji, ruhusa ya mahali. Watu hukubaliana kwa kupeana mikono wakiwa marafiki. Filamu ikiteuliwa, urafiki unaanza kudai asilimia.

Kuchelewa ni la nne, wala sina la kulieleza. Siku ya mwisho mtandao unakuwa mzito. Tuma wiki moja kabla.

Tamthilia ya televisheni inapimwa vipi tofauti na filamu?

Filamu ndefu inajitetea yote kwa mara moja. Tamthilia mara nyingi unaiwakilisha kwa sehemu chache, na hapo ndipo watu wanapokosea: wanatuma sehemu ya kwanza kwa sababu ni ya kwanza. Sehemu ya kwanza kwa kawaida ndiyo dhaifu, waigizaji bado hawajazoeana. Kama masharti yanakuruhusu kuchagua, chagua ile inayosimama yenyewe hata kwa mtu asiyejua nani ni mtoto wa nani.

Tangu chaneli ya Pearl Magic Prime ianze mwaka 2021, kazi za televisheni zimeongezeka na mafundi wengi wanakula kwa mwezi badala ya kula kwa bahati. Hilo limebadilisha pia ubora: mtu anayerekodi kila siku anajifunza haraka kuliko anayerekodi mara mbili kwa mwaka.

Mshindi anapata pesa?

Usipange kulipa kodi ya nyumba kwa tuzo. Hata pale panapokuwa na zawadi, hubadilika mwaka hadi mwaka kufuatana na wafadhili. Faida ya kweli huja baadaye: mtu anayekodisha vifaa anakukopesha, kampuni inajibu barua pepe yako, ubalozi unakuomba filamu kwa maonyesho. Nawajua mafundi ambao bei yao ya siku ilipanda baada ya kuteuliwa tu. Waambie wateja wako, bila aibu.

Wanawake wana nafasi nyuma ya kamera?

Mwaka 2018 filamu ya *Veronica's Wish* ilizoa tuzo nyingi kwenye Tamasha la Filamu la Uganda, na Rehema Nanfuka akawa mwanamke wa kwanza kutwaa tuzo ya mwongozaji bora pale. Nisha Kalema, aliyeiandika na kuigiza ndani yake, ameshinda tuzo ya muigizaji bora wa kike zaidi ya mara moja. Kwa hiyo nafasi ipo, na walioichukua hawakuipewa kwa huruma. Ninachokililia ni upande wangu: kwenye seti nyingi nilizofanya kazi, sijakuta binti kwenye sauti. Dada yeyote anayesoma hapa na ana sikio zuri, kazi hii inamhitaji.

Tuzo za hapa zinafungua njia ya Oscar?

Si moja kwa moja. Kwenye kipengele cha filamu ya kimataifa kila nchi hupeleka filamu moja, iliyochaguliwa na kamati ya nchi hiyo. Uganda ilipeleka *Tembele* ya Morris Mugisha mwaka 2022, hadithi ya mzoa taka wa Kampala. Haikuteuliwa, lakini ilifika mezani.

Hapa kuna jambo ambalo watu wetu hawalijui na linanifurahisha kila ninapolisema. Sharti la kipengele hicho ni kwamba zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe ya Kiingereza. Miaka mingi tumewalazimisha wahusika wetu, mama wa sokoni na mvuvi wa ziwani, kuongea Kiingereza cha darasani tukidhani ndiyo njia ya kwenda nje. Kumbe kwa mlango ule, Kiingereza ndicho kinachokufungia. Kiganda, Kiacholi, Runyankole, Kiswahili, vyote vinaruhusiwa.

Na tuzo za majirani, tunaruhusiwa?

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, linapokea filamu za nchi mbalimbali, na kwa filamu ya Kiswahili sioni hadhira bora kuliko ile ya Ngome Kongwe. Tuzo za Kalasha za Kenya zimekuwepo tangu 2009 na msingi wake ni kazi za Kenya, kwa hiyo soma masharti kabla ya kutumaini. AMVCA, tuzo za filamu na televisheni za Africa Magic kule Lagos, zilizoanza 2013, zimekuwa na vipengele vya Afrika Mashariki, na mwaka 2023 Loukman Ali wetu alichukua tuzo ya mwongozaji bora kule kwa filamu ya Nigeria, *Brotherhood*. Huyu ndiye aliyetengeneza *The Girl in the Yellow Jumper*, filamu ya kwanza ya Uganda kuingia Netflix, Desemba 2021.

Naweza kuhudhuria usiku wa tuzo bila kuteuliwa?

Kuna mialiko, na miaka mingine huwa na tiketi. Maonyesho ya filamu kabla ya usiku wenyewe ni rahisi zaidi kuingia, na huko ndiko utakapokutana na watu wa kufanya nao kazi, wakiwa na muda na bila viatu vya kubana. Gomesi na kanzu zinakubalika kabisa kwenye zulia jekundu, na mimi naziona zinapendeza kuliko suti ya kukodi.

Filamu yangu haikuteuliwa. Nifanye nini?

Lala siku mbili. Usiandike chochote mtandaoni katika siku hizo, maana majaji ni watu na sekta yetu ni ndogo kama kijiji.

Siku ya tatu, waandikie waandaaji kwa adabu na uombe maoni. Wengine hawajibu, wengine hujibu sentensi mbili ambazo zitakuokoa miaka. Kisha tafuta watu kumi wasiokujua, wakalishe kwenye kibanda cha mtaani kwako, mlipe mwenye kibanda saa yake, na uwaonyeshe filamu. Usiitazame skrini. Watazame wao. Pale wanapotoa simu mfukoni, andika dakika na sekunde. Ukimaliza, lete orodha hiyo pamoja na faili zako za sauti kwa mtu kama mimi, tuanze na dakika ya kwanza iliyoandikwa.